Kicheko cha Upande wa Pili

Bibi hakupenda kengele ya mlango. Nyumba ya mwanawe, mtaani Al-Safa, Jeddah, ilikuwa na kengele iliyolia kama ndege wa plastiki, na kila ilipolia alikunja uso akasema, "Haya, chuma kimefika." Aliyebonyeza kengele hakuwa mgeni kwake, alikuwa chuma. Mgeni ni mtu aliyesimama nje, akapaza sauti, akasema hodi, akangoja aitikiwe. Kwa kipimo hicho hakuwa amepata mgeni katika nyumba ile mpaka siku nilipofika mimi na begi langu, nikasimama mlangoni mwa chumba chake nisijue niingie au nibaki, nikasema "Hodi" kwa sababu ndivyo mama alivyonilea.

"Karibu! Nakuja!" aliitika upesi, kabla hajajua ni nani. Kisha akaja kweli, akikokota kandambili, akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Nani kakufunza hodi?"

"Mama yangu."

"Mama yako mtu wa wapi?"

"Nyeri, Kenya. Kule juu kwenye baridi."

"Na huko baridini hupigwa hodi?"

"Hupigwa, Bibi."

Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Mimi sikuhisi kitu. Nalisema hili mapema ili msomaji asikae akingojea machozi yangu. Nilikuwa nimetoka Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, katika nyumba ambako kwa zaidi ya mwaka mmoja jina langu lilikuwa "yalla", yaani haya, upesi. Hawakunipiga. Watu wakisikia Saudia hungoja hadithi ya kipigo, na ukiwaambia hukupigwa wanaona umewanyima. Hakukuwa na kipigo. Kulikuwa na kazi, na kimya, na watu waliopita mbele yangu wakizungumza kana kwamba mimi ni jokofu. Nilizimika kidogo kidogo. Familia ile ilipopata msichana mwingine nikahamishiwa Jeddah, na wakati huo kama wangenihamishia mwezini ningeuliza tu ufagio uko wapi.

Bibi alikuwa mama wa kafili wangu, yaani mwajiri ambaye ikama yangu, kibali cha kukaa nchini, ilikaa chini ya jina lake. Walitoka Unguja baada ya Mapinduzi, yeye akiwa mke kijana, na watoto wote wakazaliwa huku. Kiswahili kilibaki kinywani mwake peke yake. Mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, alijua maneno matatu: njoo, lala na mandazi. Kwa hiyo mimi niliajiriwa kupika na kufua, lakini kazi yangu hasa ilikuwa kuitikia.

Nayo haikuwa kazi rahisi, kwa maana Bibi alikichunguza Kiswahili changu kama mtu anayechambua mchele. Siku ya kwanza nilimwambia, "Bibi, nipee hicho kikombe." Akakishika kikombe, hakunipa.

"Nipee! Hiyo e ya pili umeitoa wapi?"

"Kwetu tunasema hivyo."

"Irudishe kwenu. Hapa sema nipe, ibaki moja."

Nikijisahau nikamwita mtoto wa nyumba kwa Kiswahili, nikasema "kuja hapa," alisimama katikati ya chumba akatangaza kwamba kuja ni shughuli na njoo ndiyo amri, na kwamba Wakenya tumekuta lugha ya watu mlangoni tukaivaa nyuma mbele. Chai ya rangi nilipoiita strungi aliniomba nilirudie neno hilo mara tatu, akacheka mpaka akaketi. Nilimwangalia akicheka. Nilijua hapa ndipo mtu hucheka pamoja na mwenzake, nikainua midomo. Alinyamaza ghafla, akasema, "Wewe mwanangu unacheka kama mtu anayeonyesha meno kwa daktari."

Alikuwa na kisukari na mwanawe alimpigia marufuku sukari. Sukari aliiweka ndani ya kopo la unga wa hina, juu kabatini, nyuma ya Msahafu mkubwa ambao hakuna ambaye angethubutu kuusogeza bila udhu. Nilimkuta siku moja kijiko kikiwa mdomoni.

"Bibi, unaficha sukari?"

"Astaghfirullah. Sifichi. Nasitiri."

"Si ni kitu kimoja?"

"Hebu keti." Nikaketi. "Kuficha ni kumnyima mtu jambo ili wewe upate. Kusitiri ni kumnyima jambo ili yeye asiumie. Mwanangu akijua nala sukari ataumia. Kwa hiyo namsitiri." Akalamba kijiko. "Umefahamu?"

Nilifahamu kwamba alikuwa mjanja. Hili neno la kusitiri alilitumia kwa kila kitu. Alimsitiri mkwewe kwa kutomwambia kwamba wali wake ni uji. Alimsitiri jirani mwenye kigugumizi kwa kuzungumza peke yake saa nzima. Nilipomwuliza siku moja mbona pasipoti yangu inakaa kwa mwanawe kabatini na si kwangu, alitazama dirisha. "Hayo mambo ya wanaume," akasema. "Yeye ndo kafili. Mie nani?" Mtu yule yule aliyeweza kumtuma mwanawe mjini mara mbili kwa ajili ya ndimu. Nikaendelea kukunja shuka.

Na alikuwa mkarimu, lazima niseme. Alininyang'anya mkate mkavu mkononi akanipa wake wa kumimina. Nilipougua homa alikaa kitandani pangu na kunisomea dua, mimi Mpresbiteri, kisha akasema, "Na wewe omba kwa kwenu, tusikilizwe pande zote mbili." Alinikatalia kufua nguo zake za ndani kwa miaka yote: "Hizo ni aibu yangu, n'achie mwenyewe." Huyo ndiye alikuwa. Ukitaka kumchukia ilibidi ungoje siku yake.

Sasa nije kwenye kanda.

Chumbani mwake palikuwa na redio ya kaseti, nzito, nyeusi, yenye mpini, na ndani yake kanda moja isiyopisha nyingine. Upande wa kwanza ulikuwa na kisomo cha Kurani. Upande wa pili ulikuwa na mchezo wa redio wa Waingereza, ule wa kuchekesha, wenye watu ukumbini wanaoangua kicheko kila baada ya maneno mawili. Kila siku baada ya sala ya alasiri Bibi alisikiliza upande wa pili. Hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji.

Mwanzoni nilidhani ni uzee. Kisha akaniambia. Mumewe alikuwa karani wa meli bandarini, amesoma Kiingereza Unguja, na jioni alikaa na redio yake ya mawimbi mafupi akisikiliza London. Wakati huo walikaa Al-Nuzha, fleti ya vyumba viwili, ukuta mwembamba kati ya sebule na jiko. Siku moja alileta mashine hii mpya, akaiweka mbele ya redio, akabonyeza, akaurekodi mchezo wote. Lakini mashine haikujua kuchagua. Ilirekodi na chumba. Kwa hiyo nyuma ya Waingereza unasikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani, gari likipita, na mwanamume akicheka.

"Huyo ni yeye," Bibi alisema, akaweka kidole juu ya spika. "Ndo sauti yake yote niliyonayo. Hakuacha nyingine."

Kicheko chake kilikuwa hivi: hi-hi-hi tatu za kubana puani, kikohozi kimoja, kisha mkono ukipiga paja mara mbili, pa, pa. Waingereza wakicheka, naye anacheka. Wakinyamaza, ananyamaza. Isipokuwa mahali pamoja, karibu na mwisho. Hapo ukumbi wa London umenyamaza kabisa, hakuna anayecheka, na mzee yule anaangua kicheko kuliko mahali pengine popote. Hi-hi-hi, kikohozi, pa, pa, kisha tena hi-hi-hi, mpaka anakosa pumzi na maneno ya redio yanapotea.

"Hapo," Bibi alisema. "Hapo ndipo pananiua. Nilikuwa jikoni. Nilikuja sebuleni nikamkuta anafuta machozi. Nikamwuliza, una nini? Akasema, hamna kitu, mambo ya Kizungu, hutafahamu." Alizima redio. "Miaka thelathini na mitano niliishi na mtu yule. Nilimpikia, nilimzalia, nilimzika. Sikuwahi kumchekesha hivyo. Mzungu gani huyo aliyesema neno gani, likamchekesha mume wangu kuliko mimi?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mwanamke wa miaka ile yote, mumewe yuko kaburini, alikuwa anaona wivu juu ya redio.

"Wewe umesoma," akasema. "Nifumbulie. Sitaki kufa na jambo hili."

Basi kila alasiri nikaketi kwenye zulia na kufasiri. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mpangaji mmoja anayetaka kuhama katika nyumba aliyopanga. Mwenye nyumba, mama mmoja wa sauti nyembamba, hataki ahame. Mpangaji akifunga sanduku, mama yule ana sababu. Mara mvua. Mara supu iko motoni, haiwezi kuliwa na mtu mmoja. Mara paka anaumwa na amemzoea yeye tu. Mwishowe anamfichia kiatu kimoja. Kila anapomzuia, ukumbi unaanguka kwa kicheko.

"Na hilo ndo linachekesha?" Bibi aliuliza.

"Wao wanacheka, Bibi."

"Wewe je?"

"Mimi hapana."

"Wazungu wana njaa ya kucheka," akaamua. Kwa kiatu kile hakusema kitu. Nami nilifasiri kwa sauti ile ile niliyotumia kumsomea maandishi ya chupa za dawa. Hadithi ya mtu anayetaka kwenda kwao na mwenye nyumba hataki, nilikuwa naijua.

Tulipofika mahali pale, sikupata kitu. Mlango unafunguliwa, anaingia binamu wa mama yule kutoka Amerika, anasalimu, "Howdy!" Basi. Hapo ndipo mzee anapasuka.

"Anasema nini?"

"Haudi," nikasema, vile tulivyofundishwa shuleni. "Ni salamu ya Wamarekani. Ni kama kusema mambo."

"Salamu tu?"

"Salamu tu, Bibi."

"Rudisha nyuma."

Nilirudisha. Nilirudisha siku ile na siku zilizofuata mpaka kifungo cha kurudisha kikawa na alama ya kidole changu. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka, akiinama mpaka shavu linagusa spika. Haudi, kicheko. Haudi, kicheko. "Kuna kitu kati," alisema. "Mume wangu hakuwa mjinga wa kucheka salamu."

Mwaka wa pili, wiki mbili kabla ya Ramadhani, dada yangu alipiga simu asubuhi nikiwa naanika nguo darini.

"Mum ametuacha," akasema. "Jana hospitali. Tunazika Friday. Utaweza kuja?"

Nikamwambia nitauliza. Nikamaliza kuanika, kwa maana maji yalikuwa yakidondoka. Kisha nikashuka nikamwambia kafili kwa Kiarabu cha kuokoteza, naye akainamisha kichwa akasema Mungu amrehemu, akasema ataona. Niliomba siku kumi tu, kwenda na kurudi. Nilienda jikoni nikaanza kukata vitunguu. Jiko lilikuwa ukuta mmoja na chumba cha Bibi, na huko nikamsikia mwanawe akiingia kumwuliza. Walizungumza Kiarabu. Bibi aliamini kwamba Kiarabu changu ni yalla, halas ya kusema basi na mafi ya kusema hakuna, vile vya kutumwa na kukatazwa. Alisahau kwamba mtu asiyesemeshwa kwa mwaka mzima husikiliza sana. Mwanawe alisema msichana amefiwa, siku kumi tu, haina neno. Na Bibi akasema hapana. Akasema nikienda sitarudi. Akasema, "Mwambie baada ya Ramadhani. Mie nitabaki na nani?"

Kafili alikuja akasimama mlangoni mwa jiko bila kuniangalia. "Mafi safar," akasema. "Baada ya Ramadhani."

"Sawa, baba."

Jioni Bibi aliniita, akanikumbatia, akalia kwa ajili ya mama yangu, akasema yule mama aliyenifunza hodi ni mama mwema. "Ningekuwa mie ndo kafili ungekwenda leo," akasema. "Lakini mie nani?" Nilisimama mikononi mwake kama kabati. Mama alizikwa Ijumaa, nikawa napika sambusa za kuweka akiba ya mfungo. Baada ya Ramadhani hakuna aliyelikumbusha, nami sikukumbusha. Kwenda wapi? Kaburi halikimbii.

Sikumchukia mara moja. Chuki inataka nguvu. Lakini siku ya arobaini ya mama nilikuwa peke yangu nyumbani, Bibi amepelekwa kliniki kupimwa masikio, nami napiga pasi chumbani mwake. Sijui kwa nini nilichomeka waya wa simu yangu, ule wa masikioni, kwenye ile redio. Labda nilitaka kelele. Nilibonyeza upande wa pili.

Bila spika ile mbovu, chumba cha Al-Nuzha kilikuwa kikubwa ajabu. Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia maji yakimwagika jikoni. Nikasikia mpangaji na kiatu chake, mlango ukifunguliwa, na yule Mmarekani, kwa sauti ya kuvuta na redio ya zamani ikiikwaruza, akisema "Howdy!" Na mara, mbali, nyuma ya ukuta, sauti ya mwanamke kijana ikaitika upesi:

"Karibu! Nakuja! Naosha mikono!"

Kisha kandambili zikikokotwa mbio kuelekea mlango wa nje. Komeo likifunguliwa. Kimya cha mtu anayetazama ngazi tupu. Na hapo mzee akapasuka. Hi-hi-hi, kikohozi, pa, pa.

Nilirudisha. Haikuwa haudi. Kupitia ukuta, kwa mwanamke aliyezoea watu wa kwao kupanda ngazi na kupiga hodi kila jioni, ilikuwa hodi kamili. Bibi alikuwa amemkaribisha mtu aliyeko London. Mumewe hakumcheka Mzungu. Alimcheka yeye. Kile kicheko alichokionea wivu tangu ujana wake kilikuwa chake mwenyewe.

Nilichomoa waya. Nikamaliza shati lililobaki. Bibi aliporudi aliketi, akavua viatu, akasema daktari ameyaona masikio yake yanakufa, kwanza la kushoto kisha la kulia, na hakuna dawa. Akawasha kanda. Tulipofika pale aliinama.

"Leo je? Husikii kitu kati?"

Nilimtazama. Nikamkumbuka akisema, mie nitabaki na nani.

"Hapana, Bibi," nikasema. "Hakuna kitu."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijafa ndani, kwa sababu ilinipa raha. Ilikuwa raha ndogo, chafu, lakini ilikuwa yangu. Aliuliza kesho yake, na keshokutwa, na majuma yaliyofuata, na kila mara nilimjibu kwa upole. Nilimpikia vizuri kuliko zamani. Nilimkata kucha. Nilimwangalia akizidi kuinama juu ya spika huku dunia ikizidi kumnyamazia, nikijua kwamba kila siku inayopita inamwondolea uwezo wa kusikia kile nilichokikalia. Sijui kama nimewahi kufanya jambo baya kuliko hilo. Hata sasa nikiandika sitafuti mtu wa kuniambia haikuwa vibaya.

Kisha alianguka bafuni, akavunjika nyonga, na binti yake akamchukua kwake Riyadh. Alipobebwa kutoka alikuwa na redio mapajani. Nilibaki Al-Safa na kengele ya ndege wa plastiki miezi mingine minane, mpaka mkataba ulipokwisha na kafili, bila mtu wa kumwambia hapana, akanipigishia muhuri wa kutoka nchini kabisa, nisirudi.

Ndege yangu ilipitia Riyadh, asubuhi mpaka alasiri. Kafili alisema kwa aibu kidogo, "Kamsalimie mama. Dereva wa dada yangu atakuja kukuchukua, atakurudisha." Nyumba ya dada yake ilikuwa Al-Suwaidi. Tulipita barabara ya nyumba yangu ya kwanza, nikaona dirisha la chumba cha kufulia nilikokuwa nalala, nalo lilikuwa dirisha tu.

Binti yake alinifungulia, akanionyesha chumba, akaenda zake. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikasimama nje.

"Hodi."

Hakuitika. Nikarudia kwa nguvu. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo kwa mlango, mkono juu ya redio iliyokuwa imezimwa. Yule aliyeitika hodi ya London hakusikia hodi ya kizingitini pake. Niliingia bila kukaribishwa, mara ya kwanza maishani, nikazunguka mbele yake.

Aliponiona alishika uso wangu kwa mikono miwili. "Mwanangu! Masikio halas," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Hapa Kiarabu tu, na Kiarabu chenyewe sikisikii. La kulia limebaki na tundu dogo. Sema polepole."

Nilitaka kumwandikia, lakini Bibi alisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na mimi zangu ni za shule. Nikainama kwenye sikio la kulia. "Kanda," nikasema. "Pale anapocheka. Nimejua."

Alinitazama mdomo. "Kanda haisikiki tena. Nashika tu ikitikisika."

Basi nilifanya jambo ambalo ningelionea haya kama mtu mwingine angeniona. Nikaenda mlangoni. Nikasimama wima kama Mmarekani, nikafungua kinywa nikalichora neno kwa midomo, kubwa, bila sauti: HO-DI. Na yeye, palepale, kwa mazoea ya miaka yote, akaitika kwa sauti ya jikoni kwake: "Karibu! Nakuja!" Nikakimbia nikaketi kwenye kiti, nikawa mumewe. Nilikijua kicheko kile kuliko nilivyojua cha baba yangu. Mabega mara tatu, hi-hi-hi. Kikohozi. Mkono kwenye paja, pa, pa. Nikamnyooshea kidole yeye.

Alikunja uso. Nikarudia. Midomo, hodi. Kidole kwake: karibu. Mabega, paja.

Mkono wake ukapanda polepole mpaka mdomoni.

"Mimi?"

"Wewe, Bibi. Yule Mzungu alisema kitu kama hodi. Ukaitika. Ukaenda kufungua."

"Nikafungua," akasema. "Hakukuwa na mtu. Nikadhani watoto wa ngazi wanachezea watu." Macho yake yalikuwa Al-Nuzha. "Nikarudi nikamwuliza una nini, akasema mambo ya Kizungu. Kumbe alinisitiri. Hakutaka nijione mjinga." Alianza kucheka, machozi yakimtoka, akapiga paja lake mwenyewe, pa, pa, akasema, "Ewe bwana wee, mshenzi wee, na mie nimekuonea wivu mpaka uzeeni!"

Nilimngoja. Kicheko kilipokwisha alipangusa macho, akanitazama. Nilikuwa najua litakuja.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo. Ningeweza kumsitiri. Nikainama kwenye sikio lenye tundu dogo. "Arobaini ya mama yangu."

Alihesabu kwa vidole. Alifika siku ile nilipokuwa jikoni nyuma ya ukuta wake, nikamwona akifika.

"Ulinisikia," akasema.

"Ndiyo."

"Basi hukunisitiri. Ulinificha."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mie nilikuficha." Alinishika mkono tukakaa hivyo, si kwa kusameheana, sidhani, bali kama watu wawili waliokutwa kwenye kabati moja. Nilihisi kiganja chake, moto na mkavu. Nilikihisi, nataka kusema hivyo tu.

Dereva aliita kutoka ukumbini, "Yalla, sister, airport!" Nikasimama. Nilipofika mlangoni Bibi akasema, kwa sauti ile kubwa isiyojisikia, kwa sababu ndivyo mgeni anavyoagwa kwao na hakujua njia nyingine:

"Karibu tena!"

Mimi, na muhuri wangu wa kutoka kabisa. Nilimgeukia. Naye alikuwa amelisikia alilolisema, si kwa masikio, akaweka tena mkono mdomoni.

Garini, kwenye barabara pana ya uwanja wa ndege, ilinianza puani. Mara tatu. Nikakohoa. Nikacheka mpaka nikajifuta machozi kwa kiganja, ndani ya gari ambamo hakuna aliyesema kitu cha kuchekesha. Dereva alinitazama kwenye kioo, amefadhaika, akaniuliza kuna nini.

"Mafi," nikamwambia. "Hamna kitu."